Silaha zisizoua zinaua lini? Uzi mrefu: mabomu ya machozi, risasi za mpira, teza na ndugu zake

Mkufunzi Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Juzi kuna mtu aliuliza humu kama mabomu ya machozi yana madhara. Uzi ukaishia kwenye matusi ya siasa, mods wakaufunga. Naufungua upya, ila tuongelee silaha zenyewe. Mimi nimefundisha walinzi kwa muda mrefu, hasa dawa ya pilipili na rungu. Hizo nyingine nimezisoma kwa sababu wanafunzi walikuwa hawaishi kuuliza.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kuuliza "hii silaha ni salama au si salama" ni kupoteza muda. Uliza imetumika umbali gani, imempata mtu wapi mwilini, alikuwa na pa kutokea, na alifanyiwa nini baada ya kudondoka. Ukipekua ripoti za vifo, utakuta kilichoua kiko humo.

Nianze na mabomu ya machozi. Kilichomo mara nyingi ni CS, kemikali iliyogunduliwa Marekani mwaka 1928 na Ben Corson na Roger Stoughton, ikabeba herufi za mwanzo za majina yao ya ukoo. Kwa asili ni unga. Kopo likiwaka, joto linaurusha hewani ukiwa vumbi jepesi la kuchoma, ndiyo maana unabaki kwenye nguo na mapazia hata moshi ukishapotea. Uwanja wa wazi, upepo upo, mtu mzima mwenye afya akatoka kwenye lile wingu: ndani ya nusu saa hivi macho yanaanza kufunguka. Kwa hali hiyo wanaosema hayaui wana hoja.

Sasa chukua gesi hiyo hiyo uiingize ndani. Tarehe 18 Agosti 2013, nje ya gereza la Abu Zaabal nchini Misri, mahabusu walikuwa wamefungiwa kwenye gari la polisi, wamejazana, jua kali. Gesi ikapulizwa humo ndani. Wakafa 37. Kilichobadilika pale ni hewa tu: haikuwepo ya kutosha, na hawakuwa na pa kukimbilia.

Halafu kuna viwanja vya mpira, na hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu ndipo gesi ya machozi ilipoua watu wengi zaidi kwa mkupuo na bado watu hawaihesabu kama silaha iliyoua. Lima, Peru, mwaka 1964: goli limekataliwa, watu wameingia uwanjani, polisi wakarusha gesi majukwaani, umati ukakimbilia milango ambayo ilikuwa imefungwa. Hesabu rasmi ni watu 328. Accra, Ghana, tarehe 9 Mei 2001, mechi ya Hearts na Kotoko: gesi ikarushwa majukwaani, watu wakakandamizana njia za kutokea, zaidi ya 120 wakafa. Malang, Indonesia, uwanja wa Kanjuruhan, tarehe 1 Oktoba 2022: gesi tena majukwaani, watu wakamiminika kwenye ngazi za kushukia mlangoni, walio mbele wanagota kwenye mlango mwembamba, walio nyuma hawaoni kwa machozi na wanaendelea kusukuma. Wakafa 135. Kanuni za usalama za FIFA zilishakataza gesi hiyo viwanjani kabla ya hapo.

Ni miaka 58 kutoka Lima hadi Malang, na kosa ni lile lile. Gesi kazi yake ni kumfanya mtu akimbie. Ukimrushia asiye na pa kukimbilia, au mwenye mlango mmoja anaogombania na wenzake elfu kadhaa, umeshajua nini kitatokea.

Na kopo lenyewe ni chuma au plastiki ngumu inayoruka kwa kasi. Marseille, Ufaransa, Desemba 2018, bibi wa miaka 80 alikuwa anafunga dirisha lake ghorofa ya nne wakati maandamano yanaendelea chini. Kopo likampata usoni. Akafariki siku iliyofuata hospitalini. Hakuwa hata mwandamanaji.

Risasi za mpira naziweka bandiko la pili, hili limeshakuwa refu.

---

Mkufunzi Mstaafu

Naendelea.

Jeshi la Uingereza lilianza kutumia risasi za mpira Ireland ya Kaskazini mwaka 1970. Usifikirie kitu kidogo: ni kipande cha mpira mgumu chenye urefu wa karibu sentimita 15 na uzito wa karibu gramu 150. Maelekezo yalikuwa askari afyatue chini, mpira udunde, upige miguu. Kwenye vurugu askari hapigi chini, anapiga mbele yake. Na hata akipiga chini, jiwe au ukingo wa barabara ndio unaoamua mpira uende wapi. Baadaye wakahamia risasi za plastiki. Hadi mwaka 1989 watu 17 walikuwa wameuawa na aina hizo mbili, wakiwemo watoto.

Mwaka 2017 jarida la BMJ Open lilitoa uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali kuhusu risasi za namna hii. Majeruhi 1,984. Waliokufa 53. Waliobaki na ulemavu wa kudumu 300, wengi wakiwa wamepoteza uwezo wa kuona. Karibu nusu ya vifo na zaidi ya asilimia 80 ya ulemavu huo vilitokana na kupigwa kichwani au shingoni. Tahadhari hapo: hao ni watu walioandikwa kwenye tafiti, wengi walifika hospitali. Aliyepigwa pajani akarudi nyumbani na uvimbe hayumo, kwa hiyo usije ukasema "kila wakipigwa mia wanakufa watatu". Ila mpangilio wa majeraha unaaminika: jicho, kichwa, shingo.

Kingine ni kwamba mnunuzi mara nyingi hajui amenunua nini. Chile, mwaka 2019, watu zaidi ya 400 waliumia macho kwenye maandamano. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chile wakazipima gololi za "mpira" zilizotolewa mwilini mwa majeruhi: mpira ulikuwa asilimia 20 tu. Asilimia 80 ilikuwa vitu vigumu kama silika, salfati ya bari na risasi, yaani yale madini ya kuyeyusha. Tena zinatoka kwenye bomba kwa kutawanyika, nyingi kwa mkupuo. Mbali kidogo, hata mlenga shabaha hodari hawezi kukwambia ipi itaenda wapi.

Karibuni. Teza, ile silaha ya kupiga shoti ya umeme, nitaigusa nikiona watu wanaihitaji.

---

Jembe la Hoja

Mkuu umeshusha nondo, ila hujajibu swali la msingi. Mbadala ni nini? Ukimnyang'anya askari hivi vitu anabaki na bunduki. Mimi niko tayari kupigwa shoti ya teza mara kumi kuliko risasi ya moto mara moja. Umekusanya vifo vya dunia nzima vya miaka sitini. Risasi za moto zimeua wangapi miaka hiyo hiyo?

---

Mkufunzi Mstaafu

Jembe, swali lako ni zuri na halina jibu jepesi. Pale ambapo kweli askari angefyatua risasi ya moto, akatumia teza badala yake, maisha yameokolewa. Sibishi.

Ninachobishia ni kudhani kwamba hiyo ndiyo hali ya kawaida. Mwezi Mei 2023, mji wa Cooma, Australia, polisi waliitwa kwenye nyumba ya wazee. Bibi wa miaka 95, anatembea kwa kigari cha kujishikilia, ameshika kisu cha jikoni, ana matatizo ya kumbukumbu. Askari akampiga teza. Bibi akaanguka, akagonga kichwa, akafa siku kadhaa baadaye. Mwaka uliofuata askari yule alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Niambie, bila teza pale kiunoni, angempiga bibi yule risasi? Angerudi nyuma hatua mbili, angefunga mlango, angeita mhudumu anayemfahamu. Teza haikuchukua nafasi ya bunduki hapo, ilichukua nafasi ya subira.

Kwa hiyo kila tukio nalipima kwa swali moja: asingekuwa nayo, angefanya nini?

---

Mama Wawili

Naomba ufafanue hiyo teza inafanyaje kazi. Wengine tunaiona kwenye video tu, mtu anakakamaa anaanguka kama gogo.

---

Mkufunzi Mstaafu

Dada, ni hivi. Inarusha vishale viwili vyenye ndoana kama ya kuvulia samaki, kila kimoja kimeunganishwa na waya mwembamba. Vikishika, umeme unapita mwilini kati ya kishale na kishale. Modeli iliyoenea miaka ya 2000, X26, inatoa mapigo 19 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni sekunde 5. Ile volti 50,000 ya kwenye matangazo ni ya kuruka hewani. Mwilini inafika kama 1,200. Misuli inakaza yote kwa pamoja na mtu anakosa amri juu ya mwili wake.

Sharti ni vishale viachane vya kutosha, karibu sentimita 30. Ukimpiga mtu aliye karibu sana vinaganda pamoja, anapata maumivu makali lakini hakakamai, na hasira inampanda. Hapo mpigaji anabonyeza tena. Na tena. Vifo vingi vilivyozua kesi vina sekunde nyingi kuliko zile tano za mwanzo.

Hatari ya kwanza ni ile uliyoisema: anaanguka kama gogo. Mikono haiwezi kumkinga, kichwa kinapokea sakafu. Mtu aliye juu ya ukuta, kwenye ngazi, kando ya maji, au anayekimbia kwenye lami, mshtuko wa umeme ndio mdogo.

Ya pili ni moto. Cheche zipo. Jimbo la New York, mwaka 2021, mtu alijimwagia dawa ya kutakasa mikono yenye pombe ndani ya kituo cha polisi, wakampiga teza, akawaka. Alikufa wiki kadhaa baadaye. Zipo pia dawa za pilipili zenye pombe ndani. Ukimpulizia mtu hiyo kisha ukampiga teza, unajua mwenyewe.

Ya tatu ni moyo, na hapo watu wamebishana miaka mingi. Mwaka 2009 mtengenezaji mwenyewe alianza kuelekeza watumiaji waepuke kulenga kifua. Mwaka 2017 shirika la habari la Reuters lilikusanya vifo zaidi ya 1,000 Marekani vilivyofuata matumizi ya teza. Katika 153 wapasua maiti walitaja teza kama chanzo au mchango. Wengi kati ya hao elfu walipigwa pia, walikaliwa mgongoni, au walikuwa na dawa za kulevya mwilini, kwa hiyo si haki kuibebesha teza yote. Si haki pia kuitoa kabisa. Kwa miaka mingi vifo kama hivi viliandikiwa kwamba marehemu alipandwa na "wazimu wa msisimko", hadi chama cha madaktari wa dharura cha Marekani kilipoufuta waraka wake wa kuunga mkono utambuzi huo mwaka 2023.

Na kuna lile la Minnesota, Marekani, Aprili 2021. Askari mwenye uzoefu wa miaka 26, teza ya njano kiuno cha kushoto, bastola kulia. Akapaza sauti "teza, teza", akachomoa bastola, akafyatua. Kijana wa miaka 20 akafa ndani ya gari lake. Nilikuwa nikilisoma lile darasani kila mwaka, nikiwauliza wanafunzi wafumbe macho waguse walichobeba kushoto. Wengi waligusa kulia.

---

Nesi wa Usiku

Nimekuwa msomaji tu ila hapa lazima nichangie. Nimefanya kazi chumba cha dharura, usiku wa vurugu unajulikana.

Kwanza, wanaotupa presha si wanaolia macho. Wanaolia macho wanapiga kelele, ina maana wanapumua. Anayenitia wasiwasi ni aliyeingia kimya, kapigwa na mpira tumboni au ubavuni, ngozi ina doa jekundu tu saizi ya kisahani. Anakwambia "niko sawa sista, nataka kwenda nyumbani". Bandama au ini linaweza kuwa linavuja ndani taratibu. Mapigo ya moyo yanapanda, anakuwa mweupe, anatoka jasho la baridi, na sasa ni saa mbili baadaye. Aliyepigwa tumboni, kifuani au kichwani asilale nyumbani bila kuonwa na daktari. Na jicho lililopigwa usilioshe kwa nguvu wala usilikandamize na kitambaa. Lifunike na kitu kigumu kisicholigusa, kikombe cha karatasi kinatosha, umkimbize.

Pili, vishale vya teza visivutwe na majirani. Vikiwa usoni, shingoni au sehemu za siri viache mpaka hospitali.

Tatu, Mkufunzi ameuliza "alifanyiwa nini baada ya kudondoka" halafu hakurudi. Mtu amepuliziwa pilipili, anakohoa, kisha analazwa kifudifudi, mikono nyuma, mtu mzito juu ya mgongo wake. Kifua hakitanuki. Anasema hapumui, anaambiwa ukiweza kuongea unapumua. Hayo maneno nayachukia. Akishadhibitiwa alazwe ubavu au akalishwe, hapo hapo.

---

kichwa_ngumu

Sista asante. Maswali mawili ya haraka: maziwa yanasaidia? Na mwenye pumu?

---

Nesi wa Usiku

Maziwa: yamewahi kupimwa kwa watu waliopakwa pilipili, yakilinganishwa na maji, shampuu ya watoto na vingine. Hakuna kilichoshinda maji kwa maana ya maana. Kilichopunguza maumivu ni muda. Na maziwa si safi kitabibu, kuyamwaga kwenye jicho lenye mchubuko ni kualika wadudu. Maji safi, mengi, kichwa ukiinamishe upande ili maji yasihamie jicho la pili. Usisugue. Lenzi za macho zitoe kwa mikono iliyonawa. Dawa ya meno na mafuta ya kupaka achana navyo, mafuta yanaishika kemikali kwenye ngozi.

Nguo zivuliwe, fulana ikatwe kwa mkasi badala ya kuvutwa kupitia usoni. Nguo hizo zifungwe kwenye mfuko. Tumewahi kukohoa wodi nzima kwa sababu ya koti moja.

Mwenye pumu atoke haraka, atumie kipulizio chake, na kifua kikiendelea kubana baada ya hapo ni hospitali bila mjadala. Watoto vile vile: wanapumua haraka kuliko sisi, wako karibu na ardhi, na lile vumbi linashuka chini. Ukiwa ndani na moshi unaingia, kumlaza mtoto sakafuni ni kumpeleka kwenye moshi mzito. Mbebe mtoke.

---

Msomaji Kimya

Mkufunzi, kuna kitu kinanichanganya. Nimesoma kwamba gesi ya machozi imekatazwa vitani. Inakuwaje adui mwenye bunduki asirushiwe, halafu raia arushiwe?

---

Mkufunzi Mstaafu

Ni kweli. Mkataba wa Silaha za Kemikali, ulioanza kufanya kazi mwaka 1997, unakataza kutumia kemikali za kutuliza ghasia kama mbinu ya kivita, na wakati huo huo unaziruhusu kwa kusimamia sheria. Wanaoutetea wanasema hivi: vitani ukiona wingu linakuja huna muda wa kujua ni CS au ni sumu ya kuua, utajibu kwa ubaya zaidi, kisha mambo yanaharibika pande zote. Mtaani kishawishi hicho hakipo. Naielewa sababu, ila inahusu kulipiziana tu. Haisemi lolote kuhusu mapafu ya anayevuta, na wanaoitumia kama cheti cha usalama wanaisoma vibaya.

Mfano wa kemikali ya "kulaza tu" ni Moscow, Oktoba 2002. Watu zaidi ya 800 walikuwa wametekwa kwenye ukumbi wa maonyesho wa Dubrovka. Vikosi vikaingiza dawa ya usingizi jamii ya fentanili kwa njia ya hewa. Mateka wapatao 130 wakafa, karibu wote kwa dawa ile na kwa yaliyofuata. Ukumbi mzima unapata wingu moja: kijana mwenye misuli, mtoto, mgonjwa wa moyo, aliyekaa karibu na tundu la hewa na aliyekaa mbali. Hakuna anayeweza kumpimia kila mmoja. Wakatolewa nje, wengi wakalazwa chali, ndimi zikaziba koo, na madaktari hawakuambiwa ni dawa gani. Nesi ameshasema kuhusu kulaza watu, sirudii.

Kwa upande mwingine, yapo mambo yaliyozuiwa mapema. Leza za kupofusha zilipigwa marufuku kwa itifaki ya mwaka 1995 kabla hazijaenea vitani. Vipaza sauti vikali na mabomba ya maji sina nguvu ya kuyaandikia leo, ila kwa wanaodhani maji ni maji: Stuttgart, Ujerumani, tarehe 30 Septemba 2010, mzee alipigwa na maji ya gari la polisi usoni akabaki karibu kipofu wa macho yote mawili.

---

Jembe la Hoja

Hapo kwenye Cooma nimekuelewa. Bado nashikilia kwamba ukiwaachia askari bunduki peke yake tutazika zaidi. Lakini basi waandike kila wanapoitumia, sekunde ngapi, umbali gani. Bunduki risasi zinahesabiwa, hizi je?

---

Mkufunzi Mstaafu

Teza za kisasa zinahifadhi zenyewe: saa, tarehe, kila mbonyezo ulidumu muda gani. Kesi nyingi zimeamuliwa kwa kumbukumbu hiyo. Risasi ya mpira na kopo la gesi havina. Hapo unategemea daftari la ghala na kamera ya mpita njia.

---

Mama Wawili

Nami nina swali la kawaida jamani. Nataka kununua kale kakopo ka pilipili ka kuweka kwenye pochi kwa ajili ya usiku. Ninunue?

---

Mkufunzi Mstaafu

Dada, kwanza angalia sheria ya ulipo, nchi nyingine wanakihesabu kama silaha na utakamatwa wewe.

Kama kinaruhusiwa, chagua kinachotoa mchirizi badala ya ukungu. Ukungu ukiwa na upepo wa mbele unaupokea wewe. Usikitumie kwenye lifti wala ndani ya gari. Usikiache garini juani, ni kopo la presha, linapasuka. Tarehe ya kuisha imeandikwa chini: pilipili haiharibiki haraka, presha ndiyo inayovuja polepole, siku ya siku kinatoa matone. Watoto wako wakikipata watakichezea, kwa hiyo kisikae kwenye pochi unayoitupa kochini. Na kikiwa chini kabisa ya pochi, chini ya funguo na leso, huna kitu. Kiwe mkononi kabla hujaanza kutembea, kidole gumba kwenye kifuniko. Ukishapuliza usisimame kuangalia kama kimefanya kazi, kimbia.

---

Mama Wawili

Nimekuelewa. Cha ukungu nilikuwa nishakiweka kwenye kapu la mtandaoni, ngoja nikakitoe.